Kinyago cha Udongo Hakiombi Kabati

Wapo wajuzi washikiliao kwamba sanaa ni ile idumuyo. Kwao, mpingo uliochongwa na Mmakonde ni sanaa; ama umbo la udongo mbichi, lifinyangwalo leo na kuvunjwa kesho, ni mchezo wa watoto. Hoja hiyo haina mashiko.

Na itazamwe Nalasi, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, katika nchi ya Wayao. Katika jadi ya jando na unyago wa Wayao, maumbo ya wanyama na viumbe wengine hufinyangwa juu ya ardhi na kunyunyiziwa unga. Huitwa inyago. Mwaka 1955, Meredith Sanderson aliyaeleza katika jarida la Man la London, kutokana na aliyoyaona kwa Wayao wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Maumbo hayo hayakukusudiwa kudumu: mwali akishafunzwa, udongo hurudi kuwa udongo. Kufutika huko si kasoro, bali ni sehemu ya somo. Aingiaye katika mapenzi na ndoa huona kwa macho yake kwamba kizuri kina mwisho, na kwamba utoto wake nao umekwisha.

Mwaka 1956, Hans Cory alichapisha kitabu juu ya sanamu za udongo za unyago wa Tanganyika, na humo sanamu huambatana na nyimbo zenye mafunzo. Hapo ndipo lilipo kosa la wapenda makabati ya vioo: huhifadhi udongo, wimbo ukapotea. Sanamu isiyo na wimbo wake ni ubeti uliobakiwa na vina pasi na maneno.

Na Mpwani aiitaye sanaa hii ushamba ajiulize maneno “kinyago” na “unyago” yanafanya nini kinywani mwake. Ajiulize pia Bi Kidude, aliyefariki Unguja mwaka 2013, aliwafunda nini wari wa visiwani.

Basi waipendao sanaa hii wasikimbilie tanuri. Wawaendee makungwi kwa adabu na idhini, wausikilize wimbo. Sanamu huvunjwa bila majuto kwa kuwa wimbo upo wa kuifinyanga tena. Udongo ni tele. Kungwi akizikwa na wimbo wake, hakuna mkono utakaojua ufinyange nini.