Tupeni leseni ya bustani, tupande na milimao

MTAANI KWETU, na Mwanaidi Kihiyo

Ukitaka kujua mkazi wa Dar es Salaam ana hakika gani na ardhi anayoilima, usimdai hati. Tazama alichopanda. Aliyeotesha mchicha mtupu anajijua kuwa mpita njia: anamwaga mbegu leo, baada ya wiki tatu au nne anang'oa, na hata akitokea mtu na futi kamba yake wiki ya tano, hasara ni jasho la mwezi mmoja. Mwenye matembele ana matumaini ya miezi kadhaa, maana tembele likichumwa linachipua tena. Mwenye papai anaamini mwakani atakuwa bado yupo. Mwenye mlimao, huyo ama ana hati, ama ana imani kubwa kuliko sisi wengine.

Zunguka jiji uone mwenyewe. Kingo za Msimbazi, chini ya nyaya za umeme mkubwa, kando ya reli, nyuma ya kuta za taasisi: kote kuna kijani, na kijani hicho karibu chote ni majani. Chini ya nyaya, sawa, miti hairuhusiwi. Kwingine je? Udongo huu huu wa pwani unazaa embe, ndimu, stafeli na papai bila kubembelezwa. Kinachomzuia mtu kupanda mti ni hofu kwamba tunda litaliwa na mwingine, au litalaliwa na tingatinga. Bwana shamba hana dawa ya hofu hiyo. Dawa yake ni karatasi, na karatasi inatoka serikalini.

Leo sizungumzii vijana wanaolima mabondeni kwa biashara na kulisha masoko yetu. Hao wanastahili safu yao peke yao. Nazungumzia familia: baba, mama, bibi, watoto wanaotoka shule saa tisa, na kipande cha mita kumi kwa kumi karibu na nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nyumba ya watu wazima watano hiyo ni kilo mbili, kila siku ya Mungu. Mita kumi kwa kumi hazitoi kilo mbili kila siku, na anayewaambia zinatoa anauza mbegu. Lakini zinatosha kuikomboa nyumba na lile fungu la mia tano la kila jioni, ambalo masika yakianza linanyauka na bei yake inapanda. Mvua kubwa inasomba mbegu na kuozesha majani, na mboga inaadimika wakati ule ule nchi nzima imekuwa ya kijani.

Mwenye kulima kwa ajili ya sufuria yake anajua namna ya kuizunguka masika. Anakuwa na matembele, ambayo hayasombwi kwa kuwa yanapandwa kwa vipande vya mashina, si kwa mbegu. Anakuwa na kisamvu cha mpira pembeni mwa uzio, mti unaodumu miaka na kuchumwa siku yoyote mfuko ukikauka. Mlonge nao unasimama hapo hapo kama nguzo ya uzio, majani yake yakiingia chunguni. Kiangazi kikija, anaacha matuta ya kuinuka na kuchimba majaruba yanayozama, kwa sababu mchanga wetu haushiki maji: mwagilia asubuhi kwenye tuta la juu, mchana mizizi inalia kiu. Kwenye jaruba maji yanakaa, hasa ukichanganya samadi iliyooza vizuri. Nasisitiza iliyooza. Samadi ya kuku mbichi inaunguza miche.

Na wenye visima vya maji chumvi, ambao ndio wengi kwenye mitaa iliyo karibu na bahari, wasikate tamaa. Spinachi inavumilia, mchicha haulalamiki sana. Maharage ndiyo yanayosusa. Nyanya inapendwa na kila mtu, akiwemo kantangaze, yule mdudu aliyetokea Amerika Kusini na kuingia nchini mwaka 2014, ambaye anatoboa jani hadi linakuwa kama limepita kwenye moto. Kwa bustani ndogo mimi nashauri nyanya chungu na bamia. Zina ngozi ngumu ya maisha. Bamia ndani ya miezi miwili umeshaanza kuchuma.

Matunda ndiyo yanayotaka subira, na ndiyo yanayonileta kwenye hoja yangu. Papai linaanza kuliwa kabla ya mwaka au ukipita kidogo. Wakulima wazoefu hupanda miche mitatu shimo moja, wakasubiri maua, kisha wakang'oa madume na kubakiza jike, na dume moja pembeni kwa ajili ya uzazi. Mgomba unataka mwaka hivi. Mlimao wa kubebeshwa miaka mitatu, mwembe wa kubebeshwa mitatu au minne. Hesabu hiyo haina siri wala ugumu. Ugumu ni kwamba familia iliyolima kwa hisani haiwezi kuhesabu hata mwaka mmoja.

Yametukuta. Mtaani kwetu palikuwa na eneo la wazi, kwenye ramani ya mipango miji limeandikwa la umma, kwa macho yetu lilikuwa jalala. Familia kadhaa tukalisafisha, tukagawana kwa mdomo, tukalima. Wenzangu wawili wenye moyo wakapanda mipapai. Mipapai ilipoanza kubeba, asubuhi moja tukakuta mabati yamezungushwa, na mlinzi mgeni anatuambia tuwahi kuchuma. Tulipouliza mwenye eneo ni nani, kila tuliyemuuliza alimtaja mwingine. Leo pana fremu za maduka. Mchicha tunanunua.

Nisieleweke kwamba kulima mjini ni kosa. Nchi hii imewahi kuwahimiza watu wa mjini walime kwa nguvu zote. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 tuliimba Kilimo cha Kufa na Kupona, na miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hauvuki wiki mbili, watumishi wa umma walipanda mboga na kufuga kuku hadi madirishani. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa eka tatu kwa mtu mmoja. Ukomo wa juu, basi, tuliandikiwa. Kipimo cha chini, yaani kipande kidogo ambacho familia isiyo na kiwanja kikubwa inaweza kwenda kukiomba na kupewa, hakuna aliyetuandikia. Wenzetu wa Nairobi walitunga sheria yao ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Sisi bado tunategemea huruma ya mwenye eneo.

Waingereza, ambao sina kawaida ya kuwasifu kwa habari ya ardhi, jambo hili walilimaliza zamani. Sheria yao ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kutoa vishamba vya kupangisha kwa wakazi pale vinapohitajika, na wapiga kura sita tu wakiwasilisha ombi, halmashauri haina budi kulizingatia. Sheria ya 1922 ikaeleza kishamba hicho ni cha nini: mboga au matunda ya kuliwa na mlimaji na familia yake. Kisha mwaka 1925 wakatia kufuli: ardhi ambayo halmashauri imeinunua au kuitenga kwa kazi hiyo haiuzwi wala kubadilishiwa matumizi bila idhini ya waziri. Kipimo cha mazoea ni mita za mraba 250 hivi, yaani robo ya robo ya eka. Vishamba hivyo vimepungua sana tangu Vita vya Pili vya Dunia, siwapambi, ila hadi leo katika miji mingi foleni ya kuvipata ni ya miaka. Mpwa wangu anayeishi huko alisubiri hadi akakata tamaa, kisha akapigiwa simu. Sasa analima maboga, na majirani zake wanashangaa kumwona anachuma majani kabla boga halijapevuka. Amepanda na mitofaa. Mpangaji, mgeni, na bado anapanda miti!

Watasema Uingereza ni Uingereza. Sawa, tuje nyumbani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina kitu kinaitwa leseni ya makazi, na tangu miaka ya 2000 wakazi wengi wa maeneo yasiyopimwa ya jiji hili wamepewa. Ni karatasi nyepesi, ya miaka michache, haifikii hati, lakini inamtambua mtu kwamba yuko pale. Kwa hiyo serikali inajua kutoa haki ndogo ya muda mfupi kwa mtu wa kawaida. Ninachoomba ni ndugu yake: leseni ya bustani. Miaka mitano, mita kumi kwa kumi, ada ndogo. Masharti yawe machache na makali. Hujengi, hata kibanda cha bati cha kulala mlinzi. Huuzi haki yako kwa mwingine. Ukiacha kulima misimu miwili, anapewa anayefuata. Kilichozidi jikoni uza, hakuna ubaya. Miaka mitano mlimao umeshazaa misimu yake ya kwanza, na atakayepewa baada yako ataukuta.

Ardhi iko wapi, katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728? Ipo kwenye vipande. Ipo kwenye maeneo ya shule yanayofyekwa kila muhula na kuachwa yaote tena. Ipo kwenye viwanja vya umma ambavyo bado havijazungushiwa mabati, na ndiyo maana nasema haraka. Iko pia, samahani wakubwa, ndani ya nyua zetu wenyewe. Nawajua watu wenye kiwanja cha mita za mraba mia sita, ambao wamekitandika pevingi chote kuanzia geti hadi choo cha nje, kisha jioni wanasimama getini kumsubiri muuza mboga apite na baiskeli. Hao hawahitaji leseni, wanahitaji nyundo.

Pingamizi moja nalikubali bila ubishi. Bonde la Msimbazi si mahali pa kulisha watoto. Watafiti wameshakuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwenye mboga na udongo wa huko, na mto wenyewe unapokea maji ya viwandani na ya vyooni kabla haujafika baharini. Majani ndiyo hasa yanayobeba uchafu huo, na majani ndiyo tunayokula. Sasa bonde lina mradi mkubwa wa kuzuia mafuriko kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zimebomolewa na watu wamelipwa fidia. Liachiwe maji, nyasi na miti ya kivuli. Kila eneo litakalotengwa kwa bustani lipimwe udongo kwanza. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ina kituo chake Mlingano, Tanga, kinachofanya kazi hiyo hiyo ya udongo.

Watataja mbu. Ni kweli, visima vya bustani visivyofunikwa na mifereji inayosimamisha maji vinazaa anofelesi, kwa hiyo masharti ya leseni yataje mifuniko, na bwana afya apite. Watataja wizi. Wezi wapo, tuendelee.

Pingamizi linalonisumbua mimi ni jingine, nalo hutalisikia kwenye semina: vipande hivi vitagawiwa na nani? Tukimwachia mtu mmoja ofisini na daftari lake, mwezi wa kwanza tutasoma majina ya shemeji zake, na mwezi wa tatu leseni itakuwa inauzwa. Dawa ninayoiona ni kuyabandika majina yote kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, waliopata na wanaosubiri kwa mpangilio wa tarehe za maombi, na mgao ufanyike mbele ya mkutano wa wakazi. Haitaondoa upendeleo wote. Itaufanya uone haya.

Sheria itachukua muda, na halmashauri hazina haraka na jambo lisilo na tenda. Lakini kanuni ndogo za halmashauri zinatungwa na madiwani, na diwani anafikika. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma hapa, kwenye mkutano ujao wa mtaa wako nenda na majirani zako watano. Ombeni ramani ya mipango miji ya mtaa iletwe mezani, ulizeni ni maeneo mangapi ya umma yamebaki na kila moja liko mikononi mwa nani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kisha nakala yake mpelekeeni diwani wenu kabla mabati hayajafika.