Rubani wa Insta, Kalale Kwanza!

Jamani wadau, yule rubani msaidizi mnayemshangilia Insta, mimi simo. Alhamisi mchana yuko chuo, usiku yuko kiwanja (sio cha ndege!) na glasi mkononi, Ijumaa alfajiri selfie ndani ya Cessna, macho yamevimba.

Eti "wivu tu, mwacheni ale ujana". Ujana sio kosa, leseni ya urubani wa biashara yenyewe inaruhusiwa kuanzia miaka 18. Ila abiria wa Zanzibar hajalipia ujana wako! Kanuni ya saa 8 tangu glasi ya mwisho ni ya pombe, usingizi una hesabu yake. Chuo ukifeli kuna sapu, huko juu je?

Na anayemshauri apumzike anakula bloku. Haya mnaomlaiki, nani angempandisha mama yake ndege hiyo?