Vijana wa filamu, andikeni mnayoyajua

Kijana mmoja wa hapa Donholm alinionyesha juzi ombi lake la ruzuku ya filamu. Kurasa kumi na mbili za Kiingereza kizito, na habari yenyewe ni ya Kibera, mtaa ambao yeye ameupita mara mbili tu, tena ndani ya matatu! Nilipomwuliza sababu, akanijibu: "Mzee, wafadhili hupenda umaskini."

Kwa maoni yangu anajidanganya. Sam Soko alimfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na kamera kwa miaka mingi, hata ikapatikana "Softie", iliyotuzwa huko Sundance mwaka wa 2020 kwa uhariri wake. Docubox, mfuko wa Nairobi ulioanzishwa na Judy Kibinge, ulikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Hiyo ni Kenya aliyoiona mwenyewe.

Na bajeti je? Kijana ameandika kodi ya kamera. Nauli na chakula cha wapiga picha hakuna.

Lakini lawama si yake peke yake. Mketishe kwenye kibanda cha chai karibu na uwanja wa Jacaranda, atakusimulia kwa Kiswahili jinsi mjomba wake, makanga wa barabara ya Outering, alivyomlea, mpaka chai yako ipoe. Mbona wenye mifuko wasipokee masimulizi kama hayo kwa sauti, kisha wakamtafutia karani wa kujaza fomu?