Pole Zimetosha, Njoo Ushangilie

Leo tuzungumze kuhusu penzi na mpira. Si ule wa Simba na Yanga unaowafanya wanandoa walale mzungu wa nne, hapana. Huu ni mwingine.

Kuna dada wa miaka 26 ameniandikia. Mchumba wake alikatwa mguu mmoja baada ya ajali ya pikipiki. Siku hizi, kila Jumamosi asubuhi, jamaa anashika magongo yake, huyoo, uwanjani kucheza soka na wenzake wenye ulemavu. Dada anasema majirani wanacheka, mama yake mzazi anaona kijana anajidhalilisha, na yeye mwenyewe anaogopa mpenzi wake ataanguka aumie. Anauliza amwambieje ili aache bila kumuudhi.

Mdogo wangu, jibu langu fupi ni hili: usimwambie. Jibu refu nalo hili hapa.

HUO MPIRA NI MPIRA KWELI

Kwanza ujue anachocheza. Soka la watu waliokatwa viungo lina sheria zake, tena kali. Kila timu inaingiza watu saba. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja, kipa ana mkono mmoja. Miguu ya bandia inawekwa pembeni, watu wanakimbia kwa magongo. Ukiugusa mpira kwa gongo makusudi, umeunawa. Hakuna kuotea, na kila kipindi ni dakika 25. Jaribu wewe kukimbia kwa magongo dakika tano tu, halafu uniambie mabega yanasemaje!

Mchezo huu ulianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyeuanzisha ni Don Bennett, mtu aliyekuwa amepoteza mguu. Leo una Kombe lake la Dunia. Mwaka 2018 kule Mexico kombe lilichukuliwa na Angola, nchi ambayo vita vyake vilivyokwisha mwaka 2002 viliacha mabomu ardhini na watu wengi bila miguu. Na sisi tumo. Mwaka 2021 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya Afrika, Tembo Warriors wetu wakakata tiketi ya Uturuki, na mwaka 2022 wakafika robo fainali ya dunia. Taifa Stars yenyewe, pamoja na kelele zetu zote, haijawahi kugusa fainali za Kombe la Dunia. Sasa hapo nani wa kuchekwa?

POLE YA ASUBUHI, POLE YA JIONI

Hebu fikiria siku moja ya mchumba wako. Anaamka, jirani anampa pole. Anapanda daladala, konda anamwambia pole mzee. Anafika kwa muuza chipsi, pole tena. Pole ni neno zuri na ni utu wetu, silikatai. Lakini pole ya mwaka wa tatu mfululizo inachosha, kwa sababu kila ikitamkwa inamkumbusha kwamba watu wameuona mguu usiokuwepo kabla ya kumwona yeye.

Uwanjani hakuna pole. Ukipoteza pasi unafokewa: "We vipi, umelala?" Na kufokewa kule, amini usiamini, ni heshima. Maana yake kuna mtu alikuwa anakutegemea. Kuna nafasi ambayo Jumamosi ikifika bila wewe inabaki wazi, na watu wanapiga simu kuuliza uko wapi. Mwanaume aliyetoka kutegemewa uwanjani anarudi kwako akiwa mwenzi. Ukimfungia ndani umwonee huruma tu, mwisho wake utakuwa na mgonjwa wa kuuguza, na hakuna penzi linalonoga wodini.

Na mama? Shikamoo mama. Naelewa unataka binti yako aolewe na mtu anayeheshimika. Basi nenda siku moja ukaangalie, kaa kivulini, ununue na karanga. Kijana anayedamka alfajiri kwenda mazoezini, anayesikiliza kocha, anayeanguka na kuinuka mwenyewe, huyo ana nidhamu ambayo vijana wengi wa miguu miwili hawana.

Suala la kuumia ni la kweli, hilo nakuunga mkono. Ila dawa yake si kuacha. Mwulize kama daktari alimruhusu baada ya kidonda kupona vizuri. Akague raba za chini ya magongo, zikiisha zinateleza. Apashe mwili moto hasa mabega na viganja, ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Akirudi nyumbani, mwandalie maji ya moto umkande. Hapo umesaidia, na mapenzi nayo yanapata chakula.

NA WEWE JE?

Msomaji mwingine usijifanye hayakuhusu. Mtaani kwako kuna mtoto asiyeona ambaye hajawahi kuambiwa kuna goliboli, mchezo wa mpira wenye njuga ndani, watatu kwa watatu, ulioanza mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kuna binti wa kiti mwendo anayeweza kurusha tufe, lakini kila siku anaachwa na vyombo vya kuosha. Ninaowaona viwanjani wengi ni wavulana. Mabinti wako wapi? Wako ndani, nyuma ya pazia, kwa jina la kulindwa.

Kucheza ni haki yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja michezo katika ibara ya 30. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu. Safi sana. Lakini sheria hailipi nauli. Kiti mwendo hakipandi daladala kirahisi, bajaji ni hela, na choo cha uwanja mara nyingi kina ngazi. Timu za namna hii haziui na ulemavu, zinauawa na vitu vidogo hivyo.

Kwa hiyo, badala ya pole, toa kitu. Una gari? Wapitie wawili Jumamosi. Una duka? Nunua mpira au katoni ya maji. Mnaandaa ndondo mtaani? Wapeni nao mechi, tena saa kumi jioni watu wakiwa wamejaa, msiwape saa sita mchana juani. Huna hela kabisa? Una mdomo. Njoo ushangilie, na wakikosa goli, zomea kama unavyowazomea wengine.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!