Saa za Mpakani na Jua la Mwenyezi Mungu



Ndugu msomaji, asiyepata kufika Tunduma huenda akadhani tunatania tukimwambia kuwa hapa mtu huvuka barabara akarudi nyuma saa nzima. Tanzania inafuata saa za Afrika Mashariki, na Zambia inafuata saa za Afrika ya Kati. Kwa hiyo muuza vitenge wa upande wetu anapotazama saa yake ikasema saa saba mchana, mwenzake wa Nakonde anaona saa sita, na hali wawili hao wanaweza kuitana kwa sauti wakasikilizana. Watu wa mpakani tumezoea. Tunapoahidiana, tunaulizana kwanza: saa yenu au saa yetu?

Hayo ni mapatano ya wanadamu, wala hayana ubaya. Jua, hata hivyo, halipiti forodhani. Likipinduka, limepinduka kwa Tunduma na kwa Nakonde kwa pamoja. Hapa kwetu adhuhuri huingia, kwa wastani wa mwaka, karibu saa 7 kasoro dakika 10. Kule kwa wenzetu ni saa 6 kasoro dakika 10, na mgeni kutoka pwani hushangaa kuona watu wanaadhini adhuhuri kabla ya saa sita kamili. Hudhani wamekosea, kumbe aliyekosea ni yeye anayeitazama saa ya mkononi na kulisahau jua lililo juu ya kichwa chake.

Tumeyaandika haya kwa sababu ya watu wawili waliotujia Ramadhan iliyopita.

Wa kwanza ni mama mmoja auzaye mchele. Alikuja baada ya alfajiri, mtandio haujakaa vizuri kichwani, akiwa na binti yake. "Ustadhi, sisi leo tumepotea," alisema. Alikuwa ameiwekea simu yake kengele ya daku, lakini usiku simu ilishika mnara wa upande wa pili, ikajirekebisha yenyewe na kurudi nyuma saa moja. Kengele ilipolia, adhana ilikwishapita. Hawakula wala hawakunywa, na walikuwa na hofu kwamba swaumu imebatilika.

Huyo tulimpa jibu jepesi. Daku ni sunna yenye baraka, na Mtume (SAW) ameihimiza, lakini si sharti la swaumu. Kinachohitajika ni nia iliyowekwa usiku, nao walilala wakiwa wamekusudia kufunga. Tulimwonyesha pia namna ya kuizuia simu isijibadilishe saa. Akacheka, akaenda zake sokoni.

Wa pili hakutujia yeye. Tulimwendea sisi, tena tulichelewa.

Ni mzee mwenye kibanda cha vyakula karibu na foleni ya malori. Alihamia huku kutoka pwani miaka michache iliyopita. Kila jioni ya Ramadhan huwasha redio na kusubiri adhana ya magharibi inayorushwa kutoka Dar es Salaam. Ikilia, hula tende, hunywa maji, kisha huendelea kuwahudumia madereva. Jioni moja tulipita pale tukamwona anakula tende ilhali mwanga wa jua ungali unapiga juu ya mabati. Tulimsalimia, tukapita. Mwaka uliofuata tukamwona tena, tukapita tena. Tulijiambia kuwa ni mtu mzima, kwamba pengine ana udhuru wa maradhi, kwamba si adabu kijana kumuuliza mzee habari ya swaumu yake. Nafsi haikosi hoja pale isipotaka kusema.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika 4. Kati ya Dar es Salaam na Tunduma kuna takriban nyuzi sita na nusu za longitudo, nasi tuko magharibi. Maana yake ni kwamba jua lililokwishazama kwa mtu wa Kariakoo lina kama dakika 26 zaidi kabla ya kuzama kwetu, ingawa saa zetu na zao ni zile zile. Hapa, tofauti na Nakonde, saa inafanana na jua linatofautiana. Ndiyo maana kosa la aina hii ni gumu kuligundua. Simu ikiruka saa nzima utaona. Nusu saa ya redio haionekani.

Ramadhan iliyopita tulikaa naye kwenye benchi lake, tukamweleza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, uliniona lini mara ya kwanza?" Tukamwambia. Akasema, "Mbona hukuniambia siku ile?"

Hatukuwa na la kumjibu, na mpaka leo hatuna.

Kuhusu hukumu, wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanasema aliyefuturu akidhani jua limezama, kisha ikadhihiri kuwa halijazama, hana dhambi ya kukusudia lakini atailipa siku hiyo. Wapo wachache walioona kuwa hana cha kulipa. Tulimtajia rai zote mbili. Mzee akachagua kulipa. Akaondoa siku alizofuturu nasi msikitini, akabaki na siku hamsini na kitu. Katika umri wake, na katika kazi ya kusimama kutwa, hamsini si idadi ndogo.

Tangu hapo tumebandika ratiba ya Tunduma mlangoni mwa msikiti, tukapeleka nakala kwenye vibanda vya foleni. Madereva nao wana maswali yao. Aliyekwama hapa akitarajia kila siku kuwa kesho atavuka, hukumu yake katika fiqhi ya Shafi ni kuwa anaweza kuendelea kupunguza swala hadi siku 18. Lakini anayejua tangu awali kuwa atakaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili. Wengine huuliza kibla. Kwetu ni kaskazini, na kuegemea kidogo mashariki. Anayetaka yakini asubiri tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa za Tanzania, wakati jua linapokuwa juu ya Al-Kaaba. Akilielekea jua dakika hiyo, ameelekea kibla bila dira wala simu.

Watoto wa madrasa tumewachomekea mpini wa jembe uani. Huweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, wakangoja. Kivuli kinafupika, kinafupika, kinasita, kisha kinaanza kurefuka, nao hupiga kelele kuwa adhuhuri imeingia. Jibril (AS) alimswalisha Mtume (SAW) siku mbili ili kumwonyesha mwanzo na mwisho wa kila wakati, na kipimo chao kilikuwa kivuli hicho hicho. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua hupita juu ya utosi wetu na mpini hukosa kivuli kwa dakika chache. Mwaka jana mtoto mmoja alitujia mbio akidhani mwenzake amekiiba.

Mzee yule huja uani siku hizi, husimama nyuma ya watoto na kuegemea fimbo yake. Hufunga Jumatatu na Alhamisi kwa nia ya kulipa. Alhamisi iliyopita tulikuwa kibandani kwake adhana ya Dar es Salaam iliporushwa. Aliipunguza sauti redio, akaendelea kumpimia mteja sukari. Tende zake tatu zilikuwa kando, zimefunikwa kwa kisahani. Alitutazama, akatazama mabati ya upande wa pili wa barabara, akasema, "Bado."