Bingwa wa dunia mara mbili, na mtaani hatumjui

Simama kwenye steji ya matatu pale Ruiru uombe vijana wakutajie wakimbiaji wa Kenya. Kipchoge atatajwa, Faith Kipyegon atatajwa, na aliye na umri kidogo atakumbuka Rudisha. Sasa waulize Lucy Wambui Murigi ni nani. Kimya.

Dada huyu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka wa 2017 kule Premana, Italia. Mwaka uliofuata akautwaa tena Canillo, Andorra. Ubingwa wa dunia, si wa kaunti! Sierre-Zinal nayo, zile mbio za kilomita 31 za Uswisi zenye zaidi ya mita 2,000 za kupanda, ameshinda zaidi ya mara moja. Wapenzi wa milima Ulaya wanamjua. Sisi tuko hapa tunabishana kuhusu Arsenal.

Shida si sifa tu. Kijana wa Thika mwenye miguu mizuri huambiwa njia ni mbili: uwanjani au marathoni. Na foleni ya marathoni Kenya mnaijua. Mtu wa saa 2:08 ni nyota katika nchi nyingi, lakini hapa kwetu timu ya taifa ataiona kwenye televisheni. Wengi hukata tamaa hapo, wakarudi kwa bodaboda.

Mlimani hesabu ni tofauti. Kasi ya kila kilomita haina maana sana. Kinachotakiwa ni mapaja, mapafu na moyo wa kuteremka mbio kwenye mawe. Kuna miinuko ambapo hata mabingwa hutembea. Patrick Kipngeno alikuwa bingwa wa dunia wa kupanda mlima 2022 na 2023, kwa hivyo Murigi hakubahatisha.

Tusidanganyane, pesa za huko hazifikii za marathoni kubwa, na bila viza huendi popote. Halafu kuna dawa. Washindi wa Sierre-Zinal 2022, mwanamume na mwanamke, wote Wakenya, walipokonywa ushindi baada ya vipimo. Mkimbiaji asiye na daktari wa kumshauri, anayekubali sindano yoyote ya goti mradi maumivu yaishe, anacheza na riziki yake.

Lakini mlima tunao. Kilimambogo iko hapo tu ukipita Thika, mita 2,145, na barabara ya kwenda kileleni ina urefu wa kama kilomita 9, ukipita kaburi la McMillan njiani. Ukizoea kukimbia Ruiru kwenye tambarare za kahawa (zile ambazo bado hazijageuzwa ploti), mlima huo utakufundisha adabu.

Tatizo ni kwamba ni mbuga ya KWS na ina nyati, kwa hivyo huwezi kujiendea tu alfajiri na viatu vyako. Basi KWS na Riadha Kenya wakae chini. Watupe Jumamosi moja kila mwezi, askari wa wanyamapori watangulie, na kijana wa Makongeni asilipishwe kama mtu aliyekuja kupiga picha. Wapime muda kutoka langoni hadi kileleni, wabandike majina hapo getini. Na siku ya kwanza wamwalike Murigi apige kipenga.