Tembe ya usingizi na askari wa damuni

Shoga yako afanyaye kazi ya usiku akikupa tembe ya melatonini ili ulale, usiidharau eti ni ya usingizi tu.

Mwaka 1958 Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliipata homoni hii katika tezi ndogo za bongo za ng'ombe. Kwa binadamu pia, giza likiingia tezi hiyo huimwaga damuni. Wengi wakaridhika hapo.

Kumbe siyo yote! Mwaka 2004 watafiti wa Seville, Uhispania, walionyesha kuwa limfosaiti, chembe nyeupe zinazotukinga na maradhi, hujitengenezea melatonini zenyewe. Huchukua triptofani, tunayoipata kwenye maharagwe, mayai na samaki, huigeuza serotonini, kisha melatonini. Wala haziitaki kwa kulala. Huzisaidia kutoa intalukini-2, kemikali inayozihimiza chembe za kinga ziongezeke. Chembe nyingine nyeupe nazo huivunjavunja.

Sasa fikiria aliyepandikizwa figo. Kila siku humeza dawa za kupunguza nguvu za kinga, mwili usiikatae figo hiyo. Huyo asiiguse tembe kabla ya kumwuliza daktari wake. Hali kadhalika mwenye ugonjwa ambao kinga humgeukia na kumshambulia viungo.